Siri ya Mtungi Muulize Kata

Wapo wakubwa wa kampuni wanaodhani kwamba mteja ni mtu wa kuuziwa tu, na maoni yake ni kelele za chura zisizomzuia ng'ombe kunywa maji. Hao wafaa kukumbushwa jinsi M-Pesa ilivyoanza.

Mnamo Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone ya Uingereza zilianza kuijaribu huduma hiyo katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, kwa wateja wasiofika 500 wa Faulu, shirika la kuwakopesha wafanyabiashara wadogo. Nia ilikuwa mkopaji alipe deni kwa simu badala ya kubeba noti mkononi. Basi. Kumbe wakopaji walikuwa na yao! Huyu alimlipa mwenziwe wa biashara kwa simu. Yule aliweka pesa kwa wakala kabla ya kusafiri, akazitoa alikofikia, ili mwizi asimkute nazo njiani. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliosimamia kazi hiyo, hawakuwakemea. Walitazama, wakayaandika. Huduma ilipofunguliwa kwa umma Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando, na tangazo likawa tuma pesa nyumbani.

Siku hizi maoni hukusanywa kwa urahisi zaidi. Unapakua programu, unaipa nyota moja hadi tano, unaandika lalamiko lako kwa mistari miwili, na wahandisi husoma maelfu ya maneno kama hayo ili wajue pa kurekebisha. Ni mtindo mzuri, siupingi. Ninachouliza ni hizo nyota zinatolewa na nani.

Chukua mama anayeuza ndizi sokoni Kiogoro, kule Nyaribari Chache, mwenye simu ya kabambe. Yeye hana mahali pa kubandika nyota. Orodha ya simuni ni ya Kiingereza au Kiswahili, naye anawaza kwa Ekegusii. Neno kama "muamala" linaweza kumkalisha chini. Akikwama humpa kijana wa jirani ile simu, na pamoja nayo namba ya siri. Siku kijana akiwa mwaminifu, pesa zinafika. Siku akiwa na njaa, karo ya mtoto imekwenda. Lakini kwenye vitabu vya kampuni kila kitu ni shwari: namba ya siri ilikuwa sahihi, pesa zilitumwa, hakuna aliyelalamika. (Na hata hasira zake atazimalizia sokoni, si kwa kampuni.)

Kwa hiyo nyinyi mnaosomea kompyuta vyuoni, mkienda nyumbani Desemba msiwabonyezee wazee simu zao. Keti kando ya mama, mwache abonyeze mwenyewe, nawe unyamaze. Ukimwuliza kama inamsumbua atakujibu, "Haina neno, mwanangu," kwa kuwa hataki kukuaibisha wewe uliyemnunulia. Tazama kidole kinasita wapi. Liandike neno lililomkwamisha, waulize na majirani zake wanne watano pale sokoni, kisha uwapelekee watu wa huduma kwa wateja orodha hiyo, ukitaja ni wangapi waliokwama penye neno lile lile. Na ile namba ya siri mkaibadilishe siku hiyo hiyo, kabla hujapanda gari la kurudi Nairobi.