Daktari, Uliza Bila Kucheka

Shosho mmoja wa ploti yetu hapa Kayole ana ugonjwa wa sukari. Asubuhi anameza tembe za hospitali, jioni anakunywa muarubaini wa kuchemsha. Siku moja kliniki, mwanafunzi wa udaktari akamuuliza anatumia dawa gani. Akazitaja zote. Kijana akacheka: "Hizo za kienyeji achana nazo, shosho."

Tangu hapo hasemi. Lakini bado anakunywa.

Hapo ndipo ninapokosana na madaktari wetu wa kesho. Muarubaini unaweza kushusha sukari. Ukiuongeza juu ya tembe, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, mtu azirai. Kile kicheko kilimnyima daktari habari aliyoihitaji.

Na mnacheka nini hasa? Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Artemisinini, inayotumika kutengeneza tembe za malaria tunazopewa leo, ilitoka kwenye mmea wa Uchina. Tu Youyou akapewa Nobel mwaka 2015. Gome la muiri wetu limesafirishwa hadi Ulaya kutengeneza dawa ya tezi dume.

Simtetei muuza chupa wa steji anayetibu magonjwa arobaini kwa soo mbili. Huyo ni tapeli. Ndiyo maana nataka mwenye koti jeupe ajue zaidi yake: ni mmea gani, una nini ndani, unagongana na dawa ipi. Kama chuo hakikufundishi, jifundishe. Anza na swali moja tu: "Shosho, na nyumbani unakunywa nini?"

Halafu nyamaza, usikie.