Treetops: Hoteli ya mtini yenye kumbukumbu mbili

Inapotajwa hoteli ya Treetops, iliyo katika Mbuga ya Taifa ya Aberdare karibu na Nyeri nchini Kenya, wengi hukumbuka binti mfalme aliyepanda mtini na kushuka akiwa malkia. Hiyo ni nusu tu ya historia yake.

Vyumba viwili juu ya mugumo

Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan mjini Nyeri, alifungua Treetops mwaka 1932. Kilikuwa kibanda cha mbao chenye vyumba viwili, kilichojengwa juu ya mugumo, mti ambao Wakikuyu huuheshimu kama mahali pa ibada. Chini palikuwa na kidimbwi na udongo wenye chumvi. Tembo na vifaru walivifuata usiku, huku wageni wakiwatazama kutoka juu.

Elizabeth alilala hapo usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, usiku ambao baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki dunia nchini Uingereza. Habari hizo zilimfikia akiwa Sagana, baada ya kuondoka hotelini.

Moto wa mwaka 1954

Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Msitu wa Aberdare ukawa ngome ya wapiganaji wa Dedan Kimathi, na Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaiteketeza Treetops. Tukiyatazama mazingira ya wakati ule, ni vigumu kuuona moto huo kama uharibifu tu. Waliodai ardhi yao walichoma alama ya starehe ya walioitawala.

Hoteli mpya, kubwa zaidi, ilijengwa mwaka 1957 kando ya kidimbwi hichohicho. Safari hii haikubebwa na mti mmoja, bali na nguzo nyingi za mbao. Februari ya mwaka huohuo, Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti. Familia yake imedai kwa miaka mingi kukabidhiwa mabaki yake.

Nani asimuliwe?

Janga la korona liliifunga hoteli hiyo, na tembo wameangusha miti mingi iliyoizunguka. Lakini jina lake bado linavuta watalii. Kwa maoni yetu, mgeni anayeonyeshwa mahali alipolala malkia anastahili pia kuelezwa ni nani waliochoma jengo la kwanza, na kwa nini. Bila hivyo, Nyeri itaendelea kuuza historia ya wageni na kuificha ya wenyeji.