Usajili wa Haraka Si Uwekezaji

Imekuwa desturi ya wakuu wa serikali yetu, kila wakutanapo na wawekezaji wa kigeni, kujigamba kwamba siku hizi kampuni husajiliwa nchini Kenya kwa njia ya mtandao. Hilo ni kweli, wala si jambo dogo. Kabla ya mfumo wa eCitizen kuanzishwa mnamo 2014, faili ilikuwa na mazoea ya kupotea mezani pa karani na kuonekana tena baada ya mwenyewe kutoa chai.

Matokeo yake yalisifiwa. Katika ripoti ya Benki ya Dunia kuhusu wepesi wa kufanya biashara, iliyotolewa Oktoba 2014, Kenya ilikuwa ya 136. Katika ile ya Oktoba 2019, ikawa ya 56. Septemba 2021 Benki iliifutilia mbali ripoti hiyo, kwani ilibainika kwamba takwimu za nchi kadhaa, zikiwamo China na Saudia, zilikuwa na kasoro. Kenya haikuwa miongoni mwa nchi hizo, ila kipimo chenyewe tulichokishangilia hakipo tena.

Kwa sisi wanaisimu, kusajili na kuwekeza ni vitenzi viwili mbalimbali. Fomu hujazwa mara moja. Kodi hulipwa kila mwaka, na hiyo ndiyo inayomkosesha mwekezaji usingizi. Kodi ya huduma za kidijitali ilianza kutozwa Januari 2021 kwa kiwango cha asilimia 1.5, Desemba 2024 ikaondolewa na nyingine ikashika mahali pake. Nayo Sheria ya Fedha ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufani Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikaihuisha Oktoba. Je, mgeni aliyetaka kupanga bei za bidhaa zake angeshika lipi?

Ndivyo ilivyo katika ardhi pia. Mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa jijini Nairobi Aprili 2021, waweza kuonyesha hati kwenye kompyuta. Lakini watu wawili wanapodai kiwanja kimoja, mwamuzi ni hakimu, na kesi yaweza kuchukua miaka.

Mwanafunzi wa uchumi anayetafuta mada ya tasnifu na aanzie mahakamani, ahesabu muda ambao kesi za namna hiyo huchukua. Hesabu ya vyeti vya usajili tayari tunayo.