Sabufa si Maendeleo

Liko neno linalotembea siku hizi toka Bungu hadi Ikwiriri, na limekwisha vuka maji likafika Salale na Mbwera. Neno lenyewe ni sabufa. Korosho zikishalipwa, au ufuta ukishapita mnadani, mtu hupanda basi kwenda Dar es Salaam na kurudi na sanduku jipya lenye taa za rangi rangi. La msimu uliopita linasogezwa uani, kuku wanalalia juu yake. Akiulizwa, hujibu kwamba ameboresha muziki wake. Mimi nasema hajaboresha kitu. Amebadilisha kelele kwa kelele, na fedha ya mikorosho aliyoipanda babu yake imekwenda zake mjini.

Nimeona sanduku moja limeandikwa wati 12,000 kwa maandishi ya dhahabu. Geuza nyuma, pale penye karatasi ndogo karibu na waya wa umeme, utakuta kifaa kinakula wati 60. Sasa ndugu msomaji, ni muujiza gani huo, kula 60 na kutoa 12,000? Bwawa la Julius Nyerere lililojengwa juu ya mto wetu huu lina uwezo wa megawati 2,115, na hata hilo halitoi zaidi ya yale maji yanayoliingia. Zile herufi PMPO zinazofuata namba hiyo hazina kipimo kimoja kinachokubaliwa na watengenezaji. Kila mmoja anaandika apendavyo, na sisi tunalipa kwa kadiri ya sifuri.

Mpwa wangu, mvuvi wa kamba, aliweka akiba misimu miwili ili anunue spika za kumkaa maisha. Akaniuliza, "Mjomba, nitafute za wati ngapi?" Nikamwambia wati ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni hili: spika ikipewa wati moja, na wewe ukakaa mita moja mbele yake, inatoa desibeli ngapi? Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya kila spika iliyotengenezwa kwa uaminifu, na wauzaji wetu hawaitaji kamwe.

Kwa mtu wa delta, namba hiyo ni fedha taslimu. Nyumba nyingi za kule bado zinategemea sola na betri. Kila unapoongeza desibeli 3, nguvu inayotakiwa ni mara mbili. Basi spika ya desibeli 84 itataka wati 64 ili ifikishe sauti ileile ambayo spika ya desibeli 93 inaifikisha kwa wati 8. Mara nane! Mwenye hiyo ya pili atasikiliza mpaka usiku wa manane na taa zake zinawaka. Mwenye ile ya kwanza atazimikiwa kabla ya taarifa ya habari. Wala hili si jambo geni. Mmarekani mmoja, Paul Klipsch, alibuni spika yake ya kona miaka ya 1940, wakati amplifaya zilikuwa na nguvu kidogo mno, akatumia umbo la tarumbeta ili asipoteze hata chembe ya wati. Spika hiyo iliingia sokoni mwaka 1946 na mpaka leo inatengenezwa. Hiyo ndiyo maana ya kununua kwa muda mrefu.

Jambo la pili hawaligusi kabisa: nyumba. Tumejenga nyumba za tofali, tukaweka vigae sakafuni, vioo madirishani na bati juu, kisha tunashangaa kwa nini maneno ya mwimbaji hayashikiki. Sauti inagonga ukuta na kurudi, inagonga sakafu na kurudi, mpaka silabi zinapandana. Nyumba ya udongo yenye makuti, ile tunayoionea aibu, huwa ni chumba kizuri zaidi cha kusikilizia, maana makuti hunyonya ule mwangwi mkali wa juu. Sisemi turudi kwenye makuti. Nasema mikeka miwili mizito, pazia nene ukutani na rafu ya vitabu vitakufaa kuliko sanduku jipya, na spika isibanwe kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Ivute nusu mita toka ukutani, usikilize tena. Hilo halina bei.

Halafu tuzungumze juu ya kitu chenyewe. Masanduku haya ya bei rahisi ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi na kubandikwa karatasi ya rangi ya mti. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia vijijini Rufiji na Kibiti, mbao za namna hiyo zilikuwa na hatima moja tu: kuvimba na kumeguka kama mkate uliolowa chai. Hata bila mafuriko, hewa ya chumvi huku kwetu inakula vishikio vya waya, na ukingo wa sponji unaozunguka koni unaoza kwa miaka kumi au ishirini, mapema zaidi kwenye joto na unyevu. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Kwa hiyo mnunuzi wa kweli anauliza: Je, skrubu zinafunguka? Koni inapatikana peke yake? Fundi redio anaweza kuisuka koili ikiungua? Kama jibu ni hapana, hicho ni kitu cha kutupwa, hata kikiuzwa kwa bei ya ng'ombe.

Wapo pia mabwana wa mjini wanaodai lazima sanduku liwe la mpingo, eti kwa sababu mpingo wa jirani zetu wa Kilwa unakwenda Ulaya kuwa klarineti na oboe. Huko ni kuchanganya mambo. Klarineti inataka mti mgumu usiopasuka kwa pumzi ya mpigaji. Sanduku la spika kazi yake ni kunyamaza, lisitikisike, koni peke yake ndiyo iseme. Plaiwudi nene yenye mihimili ndani, iliyopakwa rangi vizuri dhidi ya unyevu, inafanya kazi hiyo, na seremala wa Kibiti anaiweza ukimpa vipimo.

Najua pingamizi lao kubwa: besi. Sabufa inatikisa kifua, husema, na spika zako hizo za kistaarabu hazitikisi. Ni kweli inatikisa. Lakini sikiliza gitaa la besi katika nyimbo za Mlimani Park Orchestra. Lile gitaa linatembea, linapanda na kushuka, linajibizana na magitaa mengine. Sanduku hafifu lenye tundu limetegwa kuvimbisha sauti moja tu, hivyo kila noti inatoka "dum" ileile. Mpigaji alipiga noti ishirini, wewe unasikia moja mara ishirini. Na Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, utamsikia wapi humo? Santuri za wakati ule zina besi kidogo sana. Utajiri wake wote uko katika sauti ya mtu, sehemu ileile ambayo sabufa inaifukia.

Kama ni harusi, kodisha muziki. Mwenye muziki atakuja na gari lake na jenereta yake, atatikisa mji mpaka alfajiri, kisha ataondoka navyo. Hakuna mwenye akili anayenunua sufuria la pilau la watu mia tatu ili apikie chai ya asubuhi.

Mpwa wangu amepata jozi ya zamani, ya desibeli 91, ukingo umeoza lakini sumaku nzima. Ukingo wa mpira umeagizwa Kariakoo, na seremala amekwisha kata plaiwudi. Fedha iliyobaki anataka kuongeza amplifaya kubwa. Nimemwambia anunue betri.