Vifuu vya Matuga vina kazi zaidi ya kuwasha jiko

Nilifundisha kemia, sasa nakamua mafuta ya nazi Ng'ombeni. Vifuu vinavyobaki vyote huishia jikoni, chini ya sufuria ya maharagwe. Moto wake ni mkali, sikatai, lakini kuvimaliza hivyo ni hasara.

Kifuu kikichomwa huwa kaboni, na kaboni huweza kunasa mafuta yaliyo majini. Molekuli ya mafuta haipatani na maji. Ikikuta uso wa kaboni, ambao nao hauyapendi maji, hunata hapo. Mchanga wa Tiwi ni tofauti: uso wake huvutia maji kwanza, mafuta yakakosa nafasi. Wachimba makaa ya mawe huitumia tabia hiyo. Unga wa makaa hutiwa dizeli kidogo majini, ukashika mapovu ukaelea, na udongo ukazama.

Kifuu kina la ziada. Kikichomwa bila hewa, kisha kikapulizwa mvuke kwenye nyuzi 800 hadi 1,000, hutoboka vishimo visivyoonekana kwa jicho. Gramu moja huweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000. Viwanda vya dhahabu huipenda kaboni hii kwa kuwa ni ngumu, haipukutiki ovyo. (Mkaa wa gunia haufiki huko, msidanganywe.)

Kwa hiyo naitaka kaunti ijenge tanuri Kombani, inunue vifuu kwa kilo. Wateja wa kwanza wawe hoteli za Diani, kwa maji machafu ya majiko yao. Ila mafuta mazito yanaswe kwanza kwenye shimo la kutegea, la sivyo yataziba kaboni mapema.