Risasi isiyo ya risasi

Lugha yetu ya Kiswahili imelitwika neno moja mizigo miwili. Risasi ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, na risasi vilevile ni yale madini mazito, laini na yenye sumu ambayo kwa karne nyingi yametumiwa kukitengeneza. Mzozo unaowagawa wawindaji wa Marekani na Ulaya hivi leo, ukielezwa kwa Kiswahili, wasikika kama kitendawili: je, risasi yaweza kuwa si risasi?

Mnamo Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itapiga marufuku sehemu kubwa ya risasi za madini hayo katika uwindaji. Denmark ilikuwa imetangulia Aprili 2024, na California, ambako vita hivi vilianzia hasa, imeitekeleza sheria yake kikamilifu tangu Julai 1, 2019.

Kisa cha California chafaa kusimuliwa. Huko kuna ndege aitwaye kondori, jamaa ya tumbusi, ambaye chakula chake ni mizoga. Kufikia 1982 walikuwa wamesalia kondori 22 tu duniani, na mwaka wa 1987 yule wa mwisho aliyekuwa porini alikamatwa ili wazalishwe kizuizini. Walipoanza kurejeshwa porini mwaka wa 1992, waliendelea kufa, na muuaji wao mkubwa akatambulika. Risasi ya kawaida impigapo mnyama humeguka vipande vidogo mno, vingine vidogo kama chembe za vumbi. Mwindaji huchukua nyama na kuacha matumbo. Kondori hula matumbo hayo, na sumu ikaingia damuni.

Kwa nini basi wawindaji wengi wameshikilia madini yaya haya? Jibu limo katika masafa, na mwalimu wa fizikia aweza kulifundishia somo zima. Chukua risasi itokayo mtutuni kwa kasi ya mita 900 kwa sekunde. Ikifika umbali wa mita 600, kasi yake huenda imepungua hadi mita 600 hivi. Kwa kuwa nishati hufuata mraba wa kasi, nguvu iliyosalia ni sehemu nne tu kati ya tisa. Imekwenda kwa muda wa nukta nane za sekunde, na kwa muda huo mvutano wa dunia umeishusha mita 3 hivi chini ya mstari wa mtutu.

Risasi ya kuwindia hutakiwa kuchanua mfano wa uyoga ndani ya mwili, ili mnyama afe upesi. Nyingi huhitaji kasi ya mita 550 hivi kwa sekunde ndipo zichanue vyema. Ikiwa ngumu mno na imechoka safarini, hupenya kama sindano, na mnyama hukimbia na jeraha lake akafie mbali. Ikiwa laini mno na mnyama yu karibu, hupasuka begani kabla ya kufika moyoni. Ndiyo maana watengenezaji wamebuni risasi ndefu, zenye ncha kali na kiini laini, ambazo baadhi huchanua hata kwa kasi ya mita 400. Shaba, ambayo ndiyo badala kuu, haina uzito huo: uzito wake ni gramu 8.9 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali risasi ni 11.3. Risasi ya shaba yenye umbo lilelile huwa nyepesi, hupoteza kasi mapema, na aghalabu hudai kasi kubwa zaidi ili ichanue.

Kwa maneno mengine, anayeichagua shaba amechagua pia kusogea karibu. Wapinzani wa sheria huitaja hali hii kama hasara. Mimi naiona kuwa faida yake kubwa, pengine kupita hata kuokoka kwa kondori. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka wa 1887 na Theodore Roosevelt pamoja na wenzake (ndiye yuyu huyu aliyekuja kuwinda katika nchi yetu mwaka wa 1909), ni ya wawindaji wenyewe, nayo imetamka kwamba kumpiga mnyama kutoka masafa asikoweza kuhisi hatari ni kumwonea.

Watetezi wa masafa marefu husema kwamba fundi aliye mbali ni bora kuliko mzembe aliye karibu. Hoja hiyo ina uzito kiasi. Lakini ufundi wa mpigaji haumfungi mnyama miguu: katika zile nukta nane za sekunde aweza kupiga hatua moja, na shabaha iliyokuwa moyo ikawa tumbo. Wala darubini haioni upepo uvumao bondeni kati yao. Malalamiko juu ya bei ya shaba yana haki zaidi, hasa kwa familia inayotegemea nyama ya kulungu mmoja kupita msimu wa baridi.

Sisi Kenya tulipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, ingawa Tanzania jirani bado huuza leseni. Hata hivyo historia yetu ina shahidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mskoti W. D. M. Bell alipitia Mumias kwenda Karamoja, na maishani mwake akaua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki nyembamba ya milimita 7 ambayo wenzake waliidharau. Simsifu, alikuwa mfanyabiashara wa pembe. Risasi zake zilikuwa ngumu zisizochanua. Alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi, kisha akawaendea kwa miguu.