NISHANI IKIPOTEA, JINA LISIPOTEE

Katika vijiji vya Tarime na Serengeti hazikosekani nyumba zenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mzee, na ndani yake kitambaa kilichofunga nishani na tepe zake. Leo kitambaa kingali pale, bali nishani hazimo. Moja ilichezewa na mtoto ikaangukia shambani. Nyingine iliuzwa siku ya njaa. Nyingine ziliteketea pamoja na nyumba ya nyasi, katika magomvi ya koo na wizi wa ng'ombe ambayo wilaya hizi zimeyajua mno. Sasa wajukuu wanauliza: Je, nishani za babu zaweza kupatikana tena? Swali hili ni la haki, nasi yatupasa kulijibu.

Katika Vita Kuu ya Pili Tanganyika ilitoa watu zaidi ya 80,000. Askari wa Keya walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Bukini mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapenya misitu ya Burma penye mvua na malaria. Nchi ya Mara haikubaki nyuma. Jenerali David Musuguri, mwana wa Butiama, aliingia Keya mwaka 1942, akapelekwa Bukini. Baadaye aliongoza Divisheni ya 20 katika Vita vya Kagera, kisha akawa Mkuu wa Majeshi tangu 1980 hata 1988. Alifariki mwaka 2024, mwenye umri wa miaka 104. Huyo historia imemwandika. Lakini wako wengi waliotoka vijiji vya jirani, ambao ushahidi wao wote ulikuwa kile kitambaa.

Huenda mtu akasema: Nishani za Keya ni nishani za mkoloni, ya nini kuzihangaikia? Twamjibu kwamba vita ilikuwa ya mkoloni, lakini miguu iliyotembea ilikuwa yetu. Tena nishani zile zatufundisha jambo. Nyota ya Burma ilikuwa moja kwa jenerali na kwa askari wa mwisho, kwa Mzungu na kwa Mwafrika. Lakini ulipofika wakati wa kulipa kiinua mgongo, Mzungu alilipwa zaidi ya Mwafrika wa cheo kile kile. Shaba iligawiwa sawa, fedha haikugawiwa sawa. Mjukuu anayeitafuta nishani ya babu yake haabudu ukoloni, bali anaitafuta hati ya deni.

Sasa na tuseme jambo ambalo wengi hawalijui. Nishani za Vita ya Kwanza zilichongwa jina la askari ukingoni. Nishani ambazo serikali ya Uingereza iliwapa askari wake kwa Vita ya Pili, kwa kawaida hazikuchongwa jina la mtu. Kwa hiyo nyota iliyookotwa sokoni haiwezi kusema ni ya nani. Jina la babu halikuwa juu ya shaba. Lilikuwa katika karatasi, yaani cheti cha kuachishwa jeshi na orodha ya kikosi. Aliyepoteza nishani akaitunza karatasi, amepoteza kidogo. Aliyetunza nishani akaitupa karatasi, amepoteza kikubwa.

Nasi wa Mara tuna shida yetu zaidi. Ni Chacha wangapi, Marwa wangapi, na Mwita wangapi walioandikishwa? Ukienda ofisini ukasema, “Babu yangu aliitwa Mwita Chacha, alipigana Burma,” umetaja watu wengi kwa jina moja. Pengine tena karani aliandika jina kama alivyolisikia, au akaandika la baba mahali pa la mwana. Kitakachomtofautisha babu yako na wenzake ni namba yake ya jeshi na kikosi chake.

Basi jamaa wafanye hivi. Kwanza, watafute namba: katika cheti, katika barua, nyuma ya picha. Pili, waripoti upotevu polisi na wapewe hati yake. Tatu, kama mzee amefariki, wachukue cheti cha kifo, na ukoo umteue mtu mmoja wa kuwasemea, mahakama ya mwanzo imthibitishe kuwa msimamizi wa mirathi. Wasiende watoto watano na maombi matano. Ndipo waandike. Wa Keya wataandikia ofisi ya nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na wa Kagera wataliandikia Jeshi letu. Na waseme kweli: nishani ambayo mzee hakuichukua kamwe ni shauri moja, na iliyochukuliwa ikapotea ni shauri jingine. Majibu yaweza kuwa hapana. Nakala zauzwa na wafanya biashara, wala si aibu kuwa na nakala. Aibu ni kuiita ya asili. Na akija mtu kijijini akidai fedha ili “aharakishe” nishani, afukuzwe.

Lakini mzigo huu usiachiwe jamaa peke yao. Kijana wa miaka 18 mwaka 1945 sasa angekaribia miaka 100. Hao karibu wote wamekwenda. Waliovuka mto Kagera, askari na mgambo, nao ni wazee. Kila wilaya inaye Mshauri wa Mgambo, na kila kijiji kinaye mtendaji wake. Ni kazi kubwa gani kufungua daftari moja Tarime na moja Mugumu, na kuandika jina, namba, kikosi na vita aliyopigana kila mzee, naye angali hai wa kusahihisha? Kila tarehe 25 Julai twawakumbuka mashujaa kwa gwaride na mashada. Ni vema. Lakini shada hunyauka jioni ile ile, na daftari husomwa na wajukuu.

Shaba yaweza kuyeyushwa tena. Mzee akifa na namba yake kichwani, hakuna fundi wa kuirudisha. Basi wewe ambaye baba yako yu hai, kamuulize leo.